Chumba Changu Kwenye Simu za Watu

Juma lililopita mliniacha nimeketi ukingoni mwa bafu, simu mkononi, dawa ya meno inanikaukia mdomoni. Hamkukosa kitu. Nilikuwa bado palepale.

Kwa anayenikuta leo, nitasema kwa kifupi. Mimi ni msanifu majengo. Nachora ramani za majengo yasiyoanguka, na hiyo ndiyo sifa pekee ninayopewa kazini: hayajaanguka. Ofisini kwetu watu walikuwa wameingiwa na wazimu wa ukurasa mmoja wa mtandaoni unaoitwa Bila Ramani. Mwenyewe hajulikani. Anaweka picha alizochora kwa kompyuta za majengo yasiyowezekana. Shule imesimama kwa paa lake, madawati yananing'inia kama popo. Kituo cha mabasi kimejaa bahari, abiria wamekaa chini ya maji na mabegi yao mapajani, wanasubiri. Ghorofa limefumwa kwa uzi kama sweta, na upepo unalichezea.

Bosi alizionyesha ukutani kwenye kikao, akatuuliza kwa nini sisi tuliosomea kazi hii hatuoti hivi. Mimi nikasema sioni mfereji wa maji ya mvua. Watu wakacheka. Nikadhani wanacheka pamoja nami.

Halafu asubuhi ile nikafungua ukurasa, nikakuta chumba changu cha kulala.

Sisemi chumba kinachofanana na changu. Changu. Kabati lililofungwa kwa utepe wa bluu kwa sababu kitasa kilivunjika. Doa la maji darini lenye umbo la kiatu. Na lile dirisha nililoliweka juu mno nilipojenga nyumba yangu mwenyewe, ambalo mke wangu halifikii mpaka apande kigoda. Kwenye picha dirisha lilikuwa limeshuka hadi sakafuni, na kutoka hapo ngazi nyeupe ziliteremka mpaka katikati ya bahari iliyotulia. Kitandani, upande wangu, alikaa mwanamume ametugeuzia mgongo.

Alikuwa na mabega mapana kama mlango. Mimi shati likining'inizwa kwenye msumari na likivaliwa nami, tofauti huioni.

Basi nilisukutua, nikatoka bafuni. Mke wangu alikuwa jikoni anafunga chakula chake cha mchana. Yeye ni mfamasia, ana duka la dawa karibu na hospitali, na huwa anatoka mapema. Nikajitia hamnazo, nikamuuliza kama kuna mtu mwingine huwa anaingia chumbani kwetu. Akafikiri kidogo. Akasema anaingia mama yangu, aliwahi kuingia fundi bomba, na mende hawajambo. Akaninyoosha kola ya shati, akaondoka.

Mtu akikunyoosha kola kwa upole ule, nikajiambia, ana jambo.

Nikaketi kwenye ngazi za mbele, nikawapitia wanaume wote waliowahi kukanyaga nyumba yangu. Fundi bomba mgongo wake umepinda kama bomba lenyewe, nikamfuta. Mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, ni mwembamba kuliko mimi, naye nikamfuta. Akabaki mmoja.

Marashi.

Marashi ni mwenzangu ofisini. Tunamwita hivyo kwa sababu harufu yake hufika kazini kabla yake. Ni kijana wa mazoezi, shati linambana kila upande. Msimu wa mvua alikuja kwangu kuchukua michoro, akafika ameloa chapachapa, na mke wangu akampa shati langu akamwelekeza chumbani akabadilishe. Shati lilipasuka mgongoni. Siku ile nililicheka shati. Sasa nikawa nalicheka kwa meno tu.

Ofisini nilijificha nyuma ya ramani ya vyoo vya soko, nikaupitia ukurasa ule tangu picha ya kwanza. Niliyokuwa siyaoni nikayaona. Jiko letu, mto unapita katikati na sufuria zinaelea. Baraza letu limekatika kutoka kwenye nyumba, linapaa taratibu na viti vyake. Stoo yetu ya nyuma imekuwa ukumbi wa nguzo ndefu kuliko mawingu. Na kila palipokuwa nyumbani kwangu, alikuwapo yule mwanamume. Kasimama, kakaa, kaegemea. Uso hauonyeshi.

Chini ya picha moja mwenye ukurasa alikuwa ameandika: "Akirudi mapema, nyumba inapata dirisha."

Maelfu ya wanawake wameandika chini yake kwamba nao wanamtaka wa hivyo. Mmoja kasema mwenye mgongo ule asije akageuka, atamuua mtu kwa presha. Mimi, mwenye nyumba, niliyeweka saruji ile kwa jasho langu, nikawa nasoma watu nisiowajua wakimezea mate mwanamume aliyekalia kitanda changu.

Nikamtazama Marashi. Alikuwa anapiga mluzi.

Hatukufika mchana, bosi akatuita wote chumba cha mikutano. Ndani alikaa mama mmoja mtu mzima, mwenye hoteli kadhaa, ambaye ofisi ilikuwa ikimbembeleza tangu mwaka jana. Akatueleza bila kuzunguka kwamba amechoka kulaza wageni kwenye majengo yanayofanana na sabuni zilizopangwa dukani. Anataka hoteli mpya, na anaitaka kwa mkono wa Bila Ramani. Nani kati yetu anamfahamu?

Watu wakatazamana. Marashi akatazama meza.

Nilikuwa nimejiapiza kwenda taratibu. Lakini alivyoinamisha macho vile, wivu ukanipanda kichwani kama moshi, nikajikuta nimesimama.

"Muulizeni huyu," nikasema. "Na akimaliza kujibu, mumuulize chumba changu cha kulala anakijuaje."

Ile feni ya darini ndiyo ilibaki inaongea.

Marashi hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa suruali nyuma mbele.

"Kaka," akasema, "ina maana shemeji hajakwambia?"

Nikamuuliza hajaniambia nini.

Akaeleza, tena kwa adabu. Siku ile ya mvua alipoingia chumbani kubadilisha shati, alikuta tableti kitandani, imewaka, na juu yake picha ambayo haijamalizika: kile kituo cha mabasi, kabla hakijatiwa bahari. Alipotoka akamuuliza mke wangu. Mke wangu akamwomba asinieleze, ataniambia mwenyewe. Marashi akanyamaza.

"Nilijua alishakwambia zamani," akamaliza. "Nilikuwa nashangaa tu unavyozisema vibaya picha za mkeo."

Mama mwenye hoteli alicheka mpaka akavua miwani. Bosi naye uso ulimng'aa. Akanizunguka, akanishika bega, hilo hilo bega langu la msumari, akaniambia kesho nije na mke wangu.

Nyie mnaonisoma mtasema hapo roho ilitulia. Hakuna mwanamume, mke ni mwaminifu, basi. Nami nilitegemea itulie. Lakini njiani kurudi nyumbani nikaanza kuhesabu upya. Mke wangu alikuwa na siri. Siri hiyo haikuwa yangu na yeye, ilikuwa yake na Marashi. Kijana yule alikaa nayo msimu mzima, ananisalimia kila asubuhi, anakunywa chai na mimi, na siri ya nyumba yangu iko mfukoni mwake.

Nilimkuta mke wangu sebuleni, ameshaambiwa. Bosi hakusubiri, alikuwa amempigia simu. Tableti ilikuwa mezani, waziwazi.

Nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Sikukuficha," akasema. "Ile ya kwanza kabisa nilikuonyesha. Ile nyumba iliyoota ndani ya sikio la mtoto. Ukaniuliza maji ya mvua yatatokea wapi."

Sikuikumbuka. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba sikuikumbuka hata kidogo. Nikamwambia swali lile ni la kitaalamu, halina ubaya.

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza. Ungeendelea kuzirekebisha mpaka zikawa vyoo vya soko."

Nikaona bora nishambulie penye afadhali, nikamuuliza kuhusu yule mwanamume.

"Hayupo," akajibu.

"Kama hayupo, mbona anakaa upande wangu wa kitanda?"

"Kwa sababu upande wako ulikuwa wazi. Ulikuwa kazini."

Aliyasema bila ukali, huku anapunguza mwanga wa kioo. Akaniambia nyumba tupu kwenye picha inatisha watu, basi akaweka mgongo wa mtu, akaona unapendeza, akaurudia. Nikauliza mgongo wa nani. Akasema wa mtu yeyote aliye nyumbani. Kisha akasimama kwenda kupasha chakula, na nikabaki namwonea wivu mwanamume asiyekuwepo. Huyo humwezi. Huwezi kumpiga, huwezi kumfuta kazi, wala hazeeki.

Kesho yake nilikwenda naye ofisini.

Mama mwenye hoteli alimshika mikono yote miwili kama ndugu aliyepotea. Akamtaka aeleze hoteli yeye angeionaje. Mke wangu akafumba macho kidogo, akasema anaiona kama jengo lililolala ubavu, mgeni anaingilia kwapani, na vyumba ni mbavu zake, kila kimoja kinapanda na kushuka kidogo kama linapumua. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kuuliza lifti itapita wapi kwenye jengo lililolala, nikauma ulimi.

Bosi akagawa kazi palepale. Mke wangu atatoa picha. Marashi, kwa kuwa ana mkono mwepesi wa kompyuta, atazigeuza kuwa umbo linaloweza kupimwa. Nami?

"Wewe bwana msanifu," akasema kwa mapenzi kabisa, "utatuwekea vyoo, mabomba, na njia za moto."

Tukaanza. Mke wangu alikuwa akifunga duka la dawa mapema siku mbili kwa juma, anakuja ofisini, na tunakaa meza moja sisi watatu. Nasema watatu kwa heshima. Wawili walikuwa wanafanya kazi, mmoja alikuwa anasikiliza wanavyofurahi. Marashi akichezesha umbo kwenye kioo, mke wangu anasema hapana, lipinde kama mtu anayegeuka usingizini, na kijana analipinda, na wote wawili wanavuta pumzi pamoja. Mimi nakohoa, nawakumbusha upana wa korido. Wanasema sawa, sawa, kama unavyomwambia mgonjwa.

Habari zikaenea mtandaoni kwamba yeye ndiye Bila Ramani, wageni wakaja kupiga naye picha. Wanafunzi wa chuo nilichosoma mimi walimwalika akazungumze. Mama yangu mzazi, ambaye hajawahi kuuliza jengo gani mjini ni langu, alipiga simu kunipongeza kwa kuoa vizuri.

Yote hayo niliyavumilia. Nilijikaza kisabuni. Kilichonimaliza kilikuwa neno moja.

Siku moja Marashi aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta, akamwita mke wangu amwonyeshe kitu. Hakumwita shemeji. Alimwita msanii. "Msanii, hebu njoo uone." Na mke wangu akaitika.

Shemeji ana mume. Hulitamki neno shemeji bila mimi kuwemo humo ndani, hata kama sipo chumbani. Lakini msanii ni mtu peke yake. Siku ile nilitolewa kwenye jina la mke wangu, na hakuna aliyegundua kwamba nimetoka.

Sasa naleta lile ambalo ningependa mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa watu.

Wenzangu walikwenda kula. Nilibaki mezani na ramani za mabomba. Nikachukua simu, nikafungua akaunti mpya isiyo na picha wala jina la maana, nikaenda kwenye ile picha ya chumba chetu, inayopendwa kuliko zote. Mikono haikutetemeka. Ningependa kuwaambia ilitetemeka.

Nikaandika: "Mnadanganywa. Hizi si kazi za huyo mwanamke. Ni za mumewe, msanifu majengo mwenye uzoefu. Mimi ninamfahamu. Mtu wa dawa atajulia wapi kuchora jengo?"

Nikasoma, nikaona neno langu limekaa vizuri. Nikalituma. Kisha nikarudi kwenye mabomba, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze, nikapiga mluzi.

Nilidhani litapotea kati ya maneno ya watu. Maneno ya watu hayapotezi kitu cha namna ile. Kabla ofisi haijafungwa lilikuwa limenakiliwa kila mahali. Waliokuwa wakimsifu jana walisema walishuku siku nyingi. Mmoja akaleta hoja kwamba vivuli vile vinahitaji mtu wa hesabu. Mwingine akasema mfamasia achanganye dawa, mambo ya majengo awaachie wenyewe. Wanawake waliomezea mate mgongo ule wakaandika kwamba kumbe ndiye huyo, kumbe mume ndiye fundi na mke ndiye msemaji. Nikasoma hilo mara kadhaa. Nilipoangalia kwenye kioo cha lifti nilijikuta nimenyoosha mabega.

Furaha ile ilinifikisha mpaka mlangoni kwangu.

Nikajidai mume mwema, nikavua saa, nikaingia jikoni kuosha vyombo. Mke wangu akarudi jua bado lipo, koti lake jeupe la kazini mwilini, hakulivua. Akaegemea mlango wa jikoni. Akaniuliza kama nimeona yanayosemwa. Nikasema nimesikia juujuu, watu wa mtandaoni hawana kazi. Akaniambia mteja mmoja alikuja dukani, akakataa kuhudumiwa naye, akasema hataki dawa ya mwizi.

Nilikuwa na sahani mkononi. Nikaendelea kuisugua ingawa ilikuwa safi.

Simu yangu ikalia juu ya meza. Mikono yangu ilikuwa na povu. Mke wangu akatazama jina, akaipokea, akabonyeza kipaza sauti, akaiweka karibu yangu. Alikuwa bosi.

"Bwana msanifu," akasema, "nimesoma. Na nikwambie kweli, mimi nilikuwa nashangaa tangu mwanzo. Nikajua huyu bwana ni mnyenyekevu, kamsukumia mkewe sifa. Sasa sikiliza. Mama wa hoteli hana ugomvi na mtu, ila hataki kuchezewa. Kesho asubuhi anakuja. Anataka mwenye mkono akae mbele yake, achore kitu kipya, ajionee kwa macho yake. Atakayechora, kazi nzima ni ya kwake na jina lake ndilo litakalowekwa pale mlangoni. Kwa hiyo niambie neno moja tu. Ni zako, au si zako?"

Lilikuwa neno fupi, hata mtoto angeliweza. Nilimtazama mke wangu. Naye alikuwa ananitazama, na machoni mwake sikuona hasira wala machozi. Alikuwa anasubiri tu, kama anavyomsubiri mgonjwa amalize kumdanganya kuhusu dawa alizomeza.

Alikuwa anajua. Sikumuuliza amejuaje. Tumekula sahani moja miaka mingi.

"Upo?" bosi akauliza.

"Ni zake," mke wangu akasema.

Bosi akauliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Ni zake zote. Kesho atakuja kuchora mbele ya mama."

Akakata simu.

Akachukua taulo, akanishika mikono, akanifuta povu kidole kimoja kimoja. Akavuta kiti, akanikalisha. Akaenda sebuleni, akarudi na tableti na kalamu yake nyeupe, akaviweka mbele yangu, akafungua ukurasa usio na kitu. Mwanga wake ulinipiga usoni. Yeye akazunguka meza, akakaa upande wa pili, koti bado mwilini, mikono kaikunja.

"Anza," akasema.

Nikashika kalamu. Nikafikiri juu ya bahari, juu ya popo, juu ya mtu anayegeuka usingizini. Nikachora mstari, ukatoka umenyooka sana.

Mke wangu akautazama mstari ule, akanitazama mimi, akasubiri wa pili.